Biashara Ilipopelekwa Kliniki

Usiku wa kuamkia Jumatano mkaza mwanangu Mwanjaa aliota ndoto, na Jumatano hiyohiyo, jua likiwa limeshapanda, alinihadithia tukichambua mchele uani. Naiandika kama alivyonipa. Palipo na upuuzi ni pa ndoto, si pangu.

Kwanza ujue hali ilivyokuwa. Mwanjaa anapika vitumbua hapa Muheza, kwenye banda la mabati mbele ya nyumba yetu. Kazi hiyo aliianza mwanawe wa mwisho akiwa mgongoni, na sasa mtoto huyo anakwenda shule. Hana tajiri wala kibarua. Anasaga mwenyewe, anachanganya mwenyewe, anapika mwenyewe, anauza mwenyewe, na akiumwa anajiuguza mwenyewe huku anapika. Wiki hiyo matroni wa chuo cha ufundi alipita bandani, akala kitumbua amesimama, akasema anataka vitumbua vya wanafunzi wote, kila asubuhi. Jibu alilitaka Jumatano.

Mtu mmoja hawezi kazi hiyo. Na mtu wa pili alikuwemo humuhumu ndani: Mwantumu, binti yangu, dada wa mume wa Mwanjaa, aliyerudi nyumbani baada ya kuachika. Mwantumu alimwomba, "Wifi, nipe ndoo moja nichanganye mimi." Mwanjaa akamwambia maji teka, mkaa washa, majivu toa, lakini mkono ndani ya ndoo usitie. Kwao wana sheria: unga wa vitumbua ukiingiwa na mikono ya watu wawili hauumuki. Mama yake alimfundisha hivyo, na mama yake naye alifundishwa na mama yake.

Mwantumu hakubisha. Alitoa begi uvunguni akaanza kukunja nguo, akasema Alhamisi anakwenda Dar kutafuta kazi za ndani. Mimi nikanyamaza. Ukijitia kati ya mtu na wifi yake, wanapatana ili wakuseme wewe.

Basi Mwanjaa akalala hajui atamjibu nini matroni, wala hajui kama anataka yule wifi aende au abaki. Ndipo akaota.

Yumo jikoni. Anafunua ndoo aone kama unga umeumuka. Unga hamna. Ndani ya ndoo imekaa Biashara yake, magoti yamegusa kidevu.

Mwanjaa hakushtuka. Hakuwahi kuiona kwa macho, lakini aliijua palepale, kama mtu anavyomjua mwanawe gizani kwa kupumua kwake. Ilikuwa na rangi ya kitumbua kilichoiva upande mmoja: mgongo wa kahawia, tumbo bado jeupe. Ilivaa shati la shule la mtu mwingine.

"Mama," ikasema, "ndoo inanibana."

"Kaa tu," akasema Mwanjaa. "Wenzio hawana hata ndoo."

"Mguu umekufa ganzi."

"Upi?"

"Siwezi kujua. Yote iko mahali pamoja."

Chuma cha vitumbua, kilichokuwa juu ya jiko, kikakohoa. Vishimo vyake viligeuka vinywa vya wazee, na kila kinywa kikasema kwa zamu kama watu walioitwa kwenye kikao cha mahari.

"Mtoto huyu hakui," kikasema cha pembeni.

"Anakua," kikasema cha jirani yake, "ila anakulia kwa ndani."

"Mimi naomba mafuta kidogo," kikasema kingine ambacho hakikuwa kikisikiliza.

Kishimo cha katikati, kile ambacho siku zote huunguza, kilikuwa na hasira zake. "Mnaongea nini? Mpelekeni kliniki akapimwe. Mtu mzima anakaa kwenye ndoo."

Mwanjaa akaona hilo ni neno la maana. Akaitoa Biashara, akaifunga mgongoni kwa kanga. Miguu yake ikawa inaburuta chini. Lakini mwajiriwa haondoki kazini bila ruhusa, na yeye ni mtu wa utaratibu. Akasukuma mlango wa kutokea uani aende kuomba. Uani hapakuwepo. Palikuwa na ofisi.

Mezani amekaa bosi. Bosi ni Mwanjaa. Amevaa gauni la Idi, lile ambalo Mwanjaa halivai kwa kuogopa mafuta, na mbele yake kuna simu ya mezani ambayo waya wake umefungwa kwenye mguu wa kuku.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Umechelewa."

"Nilikuwa nakuandalia chai."

"Sijaiona."

"Umeshakunywa. Ndiyo maana mimi nimeshiba."

Bosi akakubali kwa kichwa. "Unataka nini?"

"Ruhusa. Nimpeleke mtoto kliniki."

"Na leo atapika nani?"

"Wewe."

"Mimi bosi. Bosi hapiki." Akafikiri, akimpapasa kuku. "Yuko mwanamke mmoja hapa anaitwa Mwanjaa. Mwambie yeye. Mwaminifu sana yule, hajawahi kuumwa."

"Ameumwa sana. Hukumuuliza tu."

"Angesema."

"Alisema. Ulikuwa unageuza vitumbua."

Bosi akaitazama mikono yake juu ya meza. Ilikuwa na makovu yaleyale ya mafuta, mahali palepale.

"Haya, nenda," akasema. "Lakini ukiondoka, mimi nabaki na nani?"

"Hubaki. Twende wote. Huna mtu mwingine."

Bosi akafunga ofisi, akamfungua kuku, akamwingia Mwanjaa kupitia mkono wa gauni na kukaa upande wa kushoto. Kuanzia hapo Mwanjaa alitembea akijisikia amebeba watu wawili, mmoja mgongoni na mmoja ubavuni, na huyu wa ubavuni kila hatua anamwambia aharakishe.

Njiani wakakutana na mteja. Bandani kwake Mwanjaa amebandika karatasi inayosema mteja ni mfalme, kwa hiyo hakushangaa kumwona Mzee Shekalaghe, fundi baiskeli anayenunua kitumbua kila asubuhi, amevaa taji la spoki na amebebwa kwenye kiti.

"Umebeba nini?" akauliza mfalme.

"Biashara."

Mfalme akaigonga kichwani kwa kucha kama mtu anayepima fenesi. Kisha akaing'ata sikio, akatafuna taratibu.

"Leo iliki imezidi."

"Hilo ni sikio, mfalme."

"Ndiyo nasema. Sikio la jana lilikuwa zuri."

Biashara ikaanza kulia. Mfalme akaomba inyamazishwe, maana yeye kichwa kilikuwa kinamuuma kwa ajili ya taji.

"Na wewe mfalme unakwenda wapi?"

"Kulekule kliniki." Akafunua kitenge pajani kwake, na ndani palikuwa na ufalme mdogo, mwembamba, umelala. "Haukui huu. Kila ukihesabiwa una mtu mmoja, na mtu mwenyewe ni mimi."

Wakaenda pamoja. Hawakutembea sana, kwa sababu barabara ndiyo iliyotembea, ikawafikisha.

Kliniki imejaa. Wanawake wamekaa kwenye mabenchi, kila mmoja na biashara yake mapajani. Yupo mwenye genge la nyanya, linalia nyanya zikidondoka. Yupo mwenye saluni, nayo nywele zake hazijachanwa tangu juzi. Yupo mama mmoja mnene wa raha ambaye hakubeba kitu, biashara yake ndiyo iliyombeba yeye, imesimama nyuma ya ukuta inanong'ona, "Mama, ukimaliza niambie tuondoke." Wenzake wote walimtazama kwa jicho la pembeni.

"Huyu wako umemlisha nini?" Mwanjaa akamuuliza.

"Mimi? Mbona silishi mimi. Analishwa na watu wengi."

"Huogopi watakuharibia?"

"Nilikuwa naogopa," akasema yule mama. "Nikasinzia siku moja. Kuamka, nikakuta ameota meno."

Muuguzi akaita. Muuguzi alikuwa mwiko mrefu wa kusongea ugali, amevaa kofia nyeupe, na kwa kuwa hakuwa na shingo aligeuka mzima mzima. Akaichukua Biashara, akaivalisha ile suruali ya mizani ya kupimia watoto wachanga, akaitundika. Miguu ikafika chini. Muuguzi akaikunja. Ikafika tena.

"Mrefu," akasema. "Lakini uzito ni ule wa alipozaliwa. Amedumaa. Anakula nini?"

"Ananila mimi," akasema Mwanjaa.

"Wewe wapi?"

"Alianza na mgongo. Umekwisha. Sasa yuko kwenye usingizi."

"Na kunyonya?"

"Hanyonyi, huyu ni mkubwa."

Muuguzi akageuka mzima mzima akamwonyesha. Mwanjaa akaangalia. Biashara, ikining'inia pale kwenye mizani, ilikuwa imeukamata mkono wa kulia wa Mwanjaa na kutia kiganja chote mdomoni, inanyonya na macho yamefumba. Mwanjaa akatambua kwamba ilikuwa hivyo tangu kwenye ndoo, na tangu miaka ya nyuma, na kwamba ndiyo sababu hakuwahi kwenda msibani wala harusini akakaa mpaka mwisho. Mkono haukuwa wake.

Benchi zima likacheka, hata genge la nyanya.

"Mwachishe," akasema muuguzi.

"Atakonda."

"Umeona kanenepa?"

Mwanjaa akaitazama ile mizani. Yule wa ubavuni akamnong'oneza aseme foleni ni ndefu waondoke. Hakusema.

"Kwenu mtoto akiachishwa ziwa mnampeleka wapi?" akauliza muuguzi.

"Kwa shangazi yake. Analala huko, ili asimsikie mama yake usiku akamlilia."

"Huyu ana shangazi?"

Biashara ikatoa kiganja mdomoni kidogo tu, kiasi cha kupitisha maneno.

"Ninaye," ikasema. "Yuko nyumbani anakunja nguo." Ikarudisha kiganja.

"Tatizo ni sheria," akasema Mwanjaa haraka. "Mikono ya watu wawili, unga hauumuki."

"Nani kasema?"

"Mama."

"Mama yako aliambiwa na nani?"

"Na bibi."

"Bibi yako alikuwa na wifi?"

"Alikuwa naye. Walikuwa wanaishi ua mmoja."

"Wakielewana?"

Mwanjaa akatazama chini. "Walinuniana mpaka kufa. Wifi alisema vitumbua vya bibi vina sura ya bibi."

"Na ndoo walikuwa nazo ngapi?"

"Moja."

"Basi," akasema muuguzi.

Mfalme, aliyekuwa nyuma kwenye foleni, ndiye aliyeeleza kwa sauti ili wa mabenchi ya mwisho nao wasikie: kumbe haikuwa sheria ya unga, ilikuwa ni ugomvi wa bibi, na watu wameurithi wakidhani ni upishi. Wanawake wakasema aa. Yule mwenye saluni akasema kwao nao iko sheria ya namna hiyo, kitana hakiazimwi, na sasa ataiulizia vizuri.

Muuguzi akatoa bakuli. Ndani palikuwa na shubiri nyeusi. Akachovya ncha ya mwili wake, maana yeye ni mwiko na hana kidole, akampaka Mwanjaa kiganja kizima cha kulia, mpaka kwenye mistari.

Biashara ikanyonya mara moja. Uso ukajikunja wote. Ikamtazama Mwanjaa kama inavyotazamwa nyumba ya jirani, ikajitoa kwenye suruali ya mizani, ikashuka.

"Unakwenda wapi?" akauliza Mwanjaa.

"Kwa shangazi," ikasema. "Wewe mchungu."

Ikatoka. Kila hatua ilikuwa kubwa kuliko iliyotangulia. Mlangoni ilipita sawasawa, kwenye geti iliinama, na barabarani ikawa inaongea na watu wa ghorofani. Haikuangalia nyuma. Shati la shule likabaki kwenye uzio, kola tu.

Mwanjaa akataka kulia, ila bosi akamuuliza ubavuni, "Nani atalia, mimi au wewe?" Wakabishana. Walipokuwa bado wanabishana akaamka.

Kulikuwa kunapambazuka. Mhina mumewe alikuwa amegeukia ukutani anakoroma. Mwanjaa akajicheka, akaenda jikoni kama kila siku, akausaga mchele uliolowekwa jana, akakamua nazi, akatia sukari kwenye tui. Kabla ya kuchanganya ana desturi yake: humimina tui kidogo kwenye kiganja akalamba, apime sukari. Akamimina, akalamba.

Chungu.

Akadhani nazi imeoza. Akamimina kwenye kiganja cha kushoto, akalamba. Tamu, nzuri kabisa. Akarudia cha kulia. Uchungu wa kumkunja mtu uso. Akanawa kwa sabuni, akasugua kwa ndimu, akasugua kwa majivu. Uchungu uleule. Humu ndani hatuna shubiri. Mara ya mwisho iliingia alipoachishwa ziwa yule mtoto anayekwenda shule, na kopo lake tulilitupa.

Akasimama na mkono wake hewani. Unga unamsubiri, wateja wanakuja, matroni anakuja, na mkono ule ukiingia ndani ya ndoo hakuna atakayekula, na wa kushoto haujui kupiga unga. Akakaa kwenye kigoda. Anasema hapo ndipo alipolia, na hakukuwa na wa kumuuliza ni nani analia.

Kisha akaenda kugonga kwa Mwantumu.

"Wifi."

"Naam, wifi." Mwantumu alikuwa ameshaamka, amekaa kitandani, begi limefungwa zipu.

"Njoo unichanganyie unga."

Mwantumu akamwangalia. "Na mkono wako?"

"Mchungu."

"Umeungua?"

"Mchungu wa kulamba. Lamba uone."

Mwantumu akasita, akaushika ule mkono, akaulamba kidogo kwa ncha ya ulimi. Akatema dirishani. Alikwenda akanawa mpaka viwikoni, akakunja kanga, akapiga magoti mbele ya ndoo.

"Nianzie wapi?"

"Tia hamira, kisha upige. Piga kwa kiganja, kama unampiga mtoto mgongoni acheue. Hivyo hivyo. Usikwepe kingo."

"Hivi?"

"Taratibu wifi, hajakukosea."

"Nimepigwa mimi miaka yote ile, acha nami nipige kitu."

Ndipo nilipowasikia wanacheka, na mimi niko kitandani, nikajua kumetokea jambo. Wakafunika ndoo. Wakakaa wote wawili wakiitazama. Mwanjaa anasema aliomba dua ambayo hata yeye hakujua anaomba unga uumuke au usiumuke, kwa sababu ukikataa alikuwa sahihi, na ukikubali alikuwa amejichosha miaka yote hiyo kwa ajili ya ugomvi wa bibi yake.

Kifuniko kikasogea. Kikainuka upande mmoja, kama mtu anayechungulia. Povu likatoka.

"Umeumuka," akasema Mwantumu.

"Naona."

"Umeumuka zaidi ya wako."

"Usianze, wifi."

Mwantumu akapika, Mwanjaa akauza kwa mkono wa kushoto. Mzee Shekalaghe alikuja na baiskeli yake, akanunua kitumbua, akang'ata, akatafuna taratibu. Mwanjaa alikuwa anamtazama kichwani. "Leo iliki iko sawa," akasema mzee, akaondoka, hajui kwa nini mama kitumbua amemwamkia kwa kupiga goti. Matroni alipokuja akauliza jibu. Mwanjaa akasema, "Tutaleta." Matroni akauliza tutaleta ni nani na nani. Mwanjaa akamwonyesha Mwantumu kwa kidevu. "Mimi na shangazi yake," akasema, na matroni akadhani anasemwa mtoto fulani.

Alipomaliza kunihadithia nikamwambia, "Mwanangu, ndoto ni ndoto, nawe umelala umechoka." Hakubisha. Alininyooshea mkono tu.

Nikalamba. Nimeachisha watoto wengi mimi, wa kwangu na wa watu. Ile ilikuwa shubiri.

Jioni ugali ulipopakuliwa alikula kwa kijiko. Mhina akamtazama mkewe, akatutazama sisi. "Leo tuna mkaguzi wa elimu," akasema. Mwantumu akacheka mpaka mchuzi ukampalia. Begi lake lilikuwa limerudi uvunguni. Nililiona nilipokuwa nafagia, zipu wazi, nguo hazimo.

Baada ya kula Mwanjaa akainuka kwenda kuloweka mchele, kwa mazoea. Mwantumu akamkalisha kwa bega.

"Unakwenda wapi?"

"Kuloweka."

"Kaa, wifi. Mtoto yuko kwangu."

Mwanjaa akakaa. Akaangalia mikono yake kama vitu alivyoachiwa avitunze. Mwanawe mdogo akaja akamlalia pajani, akamsimulia habari ndefu ya shule kuhusu mbuzi aliyeingia darasani, na Mwanjaa aliisikiliza yote. Walisinzia papo hapo mkekani, mama kabla ya mtoto. Mhina akawafunika, naye akaenda zake kulala. Na mimi nikavuta mlango wangu.

Mwantumu aliniambia kesho yake kwamba aliloweka mchele, akafunika ndoo, lakini moyo ukakataa kuiacha jikoni peke yake usiku wa kwanza. Akaileta chumbani kwake, akatandika mkeka kando yake, akaweka mkono juu ya kifuniko. Akalala hivyo akisikiliza mchele unavyokunywa maji, mpaka naye akapitiwa.